Hesabu Huanzia Nyumbani

Mwaka 2007, Greg Duncan na wenzake walichambua takwimu za tafiti 6 zilizofuatilia watoto wa Marekani, Kanada na Uingereza. Walibaini kuwa stadi za hesabu anazoingia nazo mtoto shuleni huashiria ufaulu wake wa baadaye kwa nguvu kuliko hata stadi za kusoma. Uhusiano huo pekee hauthibitishi chanzo, lakini si wa kupuuzwa.

Kliniki ya watoto hupima uzito na kutoa chanjo. Ni nadra mzazi kuulizwa iwapo mwanawe ameanza kuhesabu. Swali hilo halihitaji kifaa wala fedha. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kuhesabu vikombe na kugawa maembe pamoja na mwanawe. Mhudumu wa afya na amweleze hivyo mapema: samaki mkunje angali mbichi.