KABINI, CHUMBA, KIBANDA CHA ZAMU: MOTO TUUWEKE WAPI?



Shofere mmoja wa kamyo, papa mzima mwenye mvi, alinijia dispansari siku moja ya mwezi wa tano na swali. Alikuwa amenunua chombo kidogo cha kutoa joto, kinachowaka kwa gazi ya propani, pamoja na chupa yake. Kamyo yake ni ya zamani, chombo cha joto cha kiwandani kilikufa kitambo, na usiku wa foleni ya Kasumbalesa anaujua vizuri. Akaniuliza: "Munganga, nikifunge wapi? Nyuma ya kiti, chini ya kitanda, ao karibu na mlango?"

Nikamjibu: "Papa, nje." Akacheka, akafikiri ninafanya mchezo.

Sikuwa ninafanya mchezo, na leo ninataka kukueleza wewe pia kwa nini. Maana swali la papa huyu ndilo swali la jamaa nyingi hapa kwetu mwezi wa sita na wa saba. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, Kolwezi imepita mita 1,400. Usiku wa kiangazi joto hushuka chini ya digrii 10, na mtoto analia kwa baridi. Umeme unapokatika, resho haifai kitu. Basi mtu anatazama mbabula yake yenye makala mekundu mazuri, anatazama mlango wa chumba, na anajiuliza: niiweke wapi?

Makosa ya kwanza yako hapo. Tunafikiri kwamba katika chumba kilichofungwa kuna pahali pabaya na pahali pazuri pa moto. Pahali pazuri hapana.

Watu wanaofanya kazi chini ya ardhi hawahitaji somo refu. Baada ya kulipua baruti, hakuna anayerudi pale mara moja. Watu wanangoja, upepo wa mashine unasukuma hewa chafu, wenye kazi hiyo wanapima, ndipo ruhusa inatoka. Kati ya gazi zinazoogopwa pale iko moja ambayo tunaijua kwa herufi zake mbili, CO. Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala koo. Zamani katika migodi ya Uingereza walishuka na ndege mdogo katika kitundu, kwa shauri la mwanasayansi John Scott Haldane, kwa sababu ndege alilegea kabla ya mtu kusikia lolote. Desturi hiyo iliendelea huko mpaka mwaka 1986. Lakini mfanyakazi huyo huyo, anayekataa kuingia penye gazi kazini, akifika nyumbani anaziba kwa vitambaa vile vitundu vya hewa vilivyo juu ya dirisha, anaingiza mbabula, anafunga mlango kwa ufunguo. Chini ya ardhi tunalipa upepo kwa bei kubwa. Nyumbani tunaupata bure na tunaufukuza.

Nimesikia mara nyingi: "Munganga, sisi si wajinga. Tunawasha mbabula nje, tunangoja moshi uishe, makala yakiwa mekundu kabisa ndipo tunaingiza." Sikiliza vizuri hapa, maana neno hili linaonekana la akili na ndilo linaloua. Moshi ni kitu kimoja, CO ni kitu kingine. Moshi unakuonya, unakohoza, machozi yanatoka, unafungua dirisha. Makala yakiisha kutoa moshi, onyo limeondoka na hatari imebaki. Hewa inaingia chini ya mbabula na kuwaka na makala ya chini. Gazi inayotoka hapo inapanda katikati ya makala mekundu ya juu, na katika kupanda inageuka kuwa CO. Kwa hiyo mbabula nyekundu, nzuri, isiyo na moshi, ni kiwanda kidogo cha CO. Hata makala yakifunikwa na majivu, kazi hiyo inaendelea polepole mpaka asubuhi.

Wengine huweka beseni la maji karibu na mbabula ili maji yanywe sumu. Maji hayainywi. CO karibu haiyeyuki katika maji.

Ndani ya mwili inafanya nini? Damu yetu inabeba hewa nzuri kama vile vagoni zinavyobeba mawe. CO inapanda vagoni hizo hizo, na inashika kwa nguvu inayopita ile ya hewa nzuri zaidi ya mara 200. Vagoni zinazunguka mwilini, lakini mzigo ni mbaya. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, moyo unapiga mbio, mtu anatapika, miguu inakosa nguvu. Aliye macho anaweza bado kutoka. Aliyelala haamki ili atoke.

Sasa turudi kwa papa shofere. Nilimpa karatasi tukafanya hesabu pamoja. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye urefu wa mita 2 na nusu kwenda juu, kina hewa ya meta kubu 22 na nusu. Kabini yake pamoja na kitanda haipiti meta kubu 8. Kilo moja ya propani inahitaji hewa ya meta kubu 12 hivi ili iwake vizuri. Chombo kikila gramu 100 kwa saa, kila saa kinamaliza hewa ya zaidi ya meta kubu moja, na papa mwenyewe anapumua humo humo. Moto ukikosa hewa ya kutosha, mwali unaacha kuwa wa bluu, unakuwa wa manjano, na CO inaanza. Tena kilo moja ya propani ikiwaka inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Shofere anayeamka na kuona vioo vinatoka jasho na matandiko yamelowa anasema ni baridi ya nje. Maji yale yametoka kwenye moto wake, na ni dalili kwamba kila kilichotoka katika moto huo amelala nacho.

"Basi nifungue kioo kidogo," akasema. Kioo kidogo kinasaidia mtu aliye macho. Usiku wa manane, mkono unaosikia baridi unakifunga bila kumwuliza mwenyewe.

Sikatai kwamba vyombo vya joto vya gari viko, na vizuri. Lakini ujue kipi. Kinachofaa kulala nacho ni kile ambacho chumba cha moto wake kimefungwa kabisa: kinavuta hewa kutoka nje kwa bomba moja, kinatupa moshi nje kwa bomba lingine, na ndani ya kabini linaingia joto tu. Hicho ndicho unaweza kuuliza kikae wapi, na jibu lake liko. Kikae chini, mahali bomba lake linaweza kutoka nje kwa njia fupi, mbali na matandiko na mapazia, na mdomo wa bomba usiwe chini ya dirisha wala pahali upepo utarudisha moshi ndani. Chupa ya gazi nayo isikae na mtu. Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kungoja cheche. Chupa iwe katika sanduku lake, linalofunguka nje ya gari, lenye tundu chini kabisa. CO ni nyepesi kidogo kuliko hewa na inachanganyika pote, kwa hiyo usijidanganye kwamba ukilala juu ao chini itakupita. Kazi ya kufunga hayo ni ya fundi anayejua gazi, si ya rafiki mwenye bisibisi. Na usiwashe injini usiku kucha ili upate joto kama bomba la moshi la kamyo limetoboka. Hiyo ni CO ile ile kwa njia nyingine.

Chombo cha papa hakikuwa na bomba hata moja. Kilikuwa cha kutumia uwanjani.

Unaweza kusema munganga huyu anaogopa kupita kiasi. Nitakueleza basi jambo ambalo halinipendezi kueleza. Miaka ya nyuma, nikiwa bado mpya katika kazi, mama mmoja alikuja asubuhi: kichwa, kutapika, uchovu, homa hakuna. Nikasema malaria inaanza, nikampa dawa, nikamrudisha nyumbani. Kesho yake wakamleta amebebwa, pamoja na mtoto wa miaka minne. Mimi nilikuwa nimemrudisha katika chumba kile kile, na mbabula ile ile. Mama alipona. Mtoto alipona pia, lakini muda mrefu baadaye mama yake aliniambia kwamba anasahau maneno, na kwamba zamani hakuwa hivyo. Sumu hii inaweza kuacha alama katika akili hata kwa mtu aliyeamka. Siku ile ya kwanza sikumwuliza neno moja tu: "Mama, usiku mlilala na moto?"

Tangu hapo ninauliza kila mtu mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Lakini usimngoje munganga akuulize. Kama wewe na watoto mmeamka wote na kichwa, na ukitoka nje kichwa kinapungua, sema mwenyewe mlangoni: "Tulilala na mbabula." Hata kile kifaa kidogo tunachobana kwenye kidole kinaweza kutudanganya, kwa sababu hakitofautishi damu yenye hewa nzuri na damu yenye CO. Kinaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Ukimkuta mtu amelala hivyo, fungua mlango, mtoe nje kwanza, ndipo uite watu. Usikae ndani kumwamsha. Kisha hospitali, hata akisema amepata nafuu. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu inachukua saa 4 ao 5 kutoka katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali, saa moja na nusu hivi. Mama mwenye mimba asingoje hata kidogo, maana mtoto wa tumboni anapata sumu hiyo kwa nguvu kuliko mama.

Na baridi je? Pika nje bukari yako ya jioni, na pembeni ya mbabula weka tofali zima lipate moto. Lifunge katika kitambaa kinene, liweke miguuni mwa kitanda nusu saa kabla ya kulala. Chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri inafaa pia. Mtoto mchanga alale juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Mbabula ibaki nje, mbali na mlango, hata kama unaogopa wezi. Mbabula inanunuliwa tena.

Neno langu la mwisho ni kwa wakubwa wa sekta, na ninalisema kwa heshima. Tumewakataza mazamu kuwasha makala ndani ya vibanda vyao, na ni haki. Lakini zamu anayekaa saa 12 katika kibanda cha bati, akiwa na koti la mvua tu, atawasha, na atafunga mlango ili asionekane. Kumkataza moto bila kumpa kapoti nzito na bulangeti ni kazi ya nusu. Papa shofere naye alirudisha chombo chake kwa mwuzaji, akapoteza franka kidogo, na sasa anasafiri na mabulangeti mawili aliyonunua kwa mfuko wake. Kapoti za mwaka huu zigawiwe mwezi wa nne, si mwezi wa nane kama mwaka jana.