Chapo za Krismasi Kwenu Zinasukumwa na Nani?

Wacha nikiri mapema kabla mtu wetu anianike. Mimi ni kijana wa miaka 22, nimezaliwa na kulelewa hapa Machakos, na kufikia Krismasi iliyopita sikuwa nimewahi kusukuma chapo hata moja. Kula nimekula. Rekodi yangu ni 9, na supu ya mbuzi juu. Kusukuma, zii.

Na tuelewane, mimi si wale wa kusema "Krismasi ni siku kama siku zingine". Krismasi naipenda vibaya. Kwetu ushago ni Masii, na safari ya tarehe 23 jioni haijawahi kukosa kituko, matatu imejaa mpaka kuna kuku wa mtu analia chini ya kiti. Mvua za vuli zinakuwa zimenyesha, kwa hivyo ile Ukambani mnayoiona kwa TV ikiwa kavu, Desemba ni kijani, kunde shambani, maembe yameanza kuiva. Susu, yaani nyanya yangu, akiniona getini anataja majina ya wajukuu wote ndio afike langu. Nilipokuwa mdogo nilinunuliwa suruali ya Krismasi kubwa hivi, ili ivalike na mwaka unaofuata. Hizo ndizo kumbukumbu zangu na sizibadilishi na Diani yenu.

Sasa, mwaka jana nikaamua nirekodi kila kitu nitoe video moja kali ya Krismasi ya ushago. Tarehe 3 Januari niko chumbani kwangu mjini, nahariri. Mbuzi yuko. Moshi uko. Ankos wanacheka chini ya mwembe, Susu anaombea chakula, watoto wanapigania soda. Nikatafuta picha ya mama niiweke mbele. Nikarudia klipu zote tangu mwanzo. Dakika 41 za video, na mama anaonekana kwa sekunde kama nne. Si uso. Ni mkono unaweka sinia la chapo mezani na kutoka.

Halafu kuna klipu ya usiku. Kwa mbali, nyuma ya kicheko changu, dada yangu anasema, "Mum, si ukae hata kidogo." Mama anajibu, "Nikikaa sitasimama tena."

Nilikuwa hapo. Mita chache tu. Sikusikia, ni simu iliyosikia.

Hiyo video sijawahi kuiposti. Nilipiga hesabu badala yake. Tulikula pakiti 7 za unga wa kilo mbili. Pakiti moja inatoa chapo kama 20, kwa hivyo weka 140. Zilikandwa, zikasukumwa na kuchomwa na mama, wake wawili wa ankos, dada yangu na mabinamu wawili wa kike, mdogo wao ana miaka 11. Kisha hao hao wakaosha vyombo, kwa maji waliyoyabeba wenyewe kwa mitungi. Na sisi wanaume? Mbuzi mmoja. Tulikuwa sita. Mmoja amechinja, wawili wanachuna, mmoja ameshika mguu, mmoja anatoa ushauri, na mimi nashika kamera. Saa nne asubuhi tumemaliza, tunakula mutura, tunavuta viti kivulini. Tukakaa hapo mpaka usiku tukiuliza chakula kimefika wapi.

Najua mnachotaka kusema. "Bro, hiyo ni utamaduni wetu." Utamaduni gani? Krismasi yenyewe tuliletewa na wamishonari. Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka wa 1895, na kabla ya watu kama hao hakuna Mkamba aliyekuwa anangoja tarehe 25 Desemba. Chapati nayo ni ya Wahindi, hata jina ni lao. Reli ilianza Mombasa 1896 ikapita Ukambani ikafika Nairobi 1899, na Wahindi wengi waliletwa kuijenga, kwa hivyo tusijifanye mababu zetu walikuwa wanakula chapo za layer wakiangalia milima ya Iveti. Mtu amechukua sikukuu ya kuletewa na chakula cha kuletewa, akakubali vyote viwili, halafu kufika kwa nani asukume ndio anakumbuka mila.

Halafu enda stendi ya Machakos saa kumi na mbili asubuhi. Angalia vibanda vya chai. Ile chapo unanunua kabla ya kupanda gari, mara nyingi imechomwa na nani? Mwanaume! Mikono imejaa unga, anasukuma, anageuza, anaongea na wateja wanne, na hakuna mtu amemuuliza kama yeye ni mwanaume kamili. Kumbe tunaweza. Kumbe kazi ya chapo ikiwa na malipo ni ya wanaume, ikiwa ya bure inakuwa kipaji cha akina mama.

Na hapo mbele ya Masii kuna Wamunyu. Wanaume wa Wamunyu wamekuwa wakichonga mbao tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanachonga mpaka vijiko vya saladi vinavyovuka bahari. Kuuchonga mwiko ni sawa. Kuushika sufuria ikiwa motoni, ai, mgongo unauma.

Kuna wale wa "wanaume ndio hutoa pesa". Labda kwenu. Kwetu unga ulitoka kwa kibanda cha mama sokoni, ambako alikuwa amesimama wiki nzima kabla ya kuja kusimama jikoni. Na si kwetu tu. KNBS walifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka wa 2021, wakapata wanawake Kenya wanafanya kazi za nyumbani zisizolipwa karibu mara tano ya wanaume. Hiyo ni siku za kawaida, sijui Desemba inafika mara ngapi.

"Lakini wao hufurahia huko jikoni, si unawasikia wakicheka?" Hii ndiyo nilikuwa naamini. Nikamuuliza dada yangu. Akaniangalia vile watu huangalia mtu amechelewa sana. "Tunacheka kwa sababu tayari tuko huko."

Basi mwaka huu, mwezi wa kumi na moja, niliandika kwa grupu ya familia: kila anayekula chapo atasukuma tano zake kwanza, mwanaume kwa mwanamke, na wanaume wanaosha vyombo vya usiku. Wacha moto uwake. Anko mmoja akaweka emoji ya kucheka. Mwingine akaniuliza, "Nani amekukalia chapati na hata hujaoa?" Nilicheka, kusema ukweli, ni nzuri. Lakini iangalieni vizuri. Hata tusi letu la mwanaume anayesaidia mke limetengenezwa kwa chapati. Binamu zangu wawili wa kiume, wale tunacheza nao gemu usiku kucha, wakanyamaza kabisa. Hao ndio naongea nao hapa, na nyinyi wengine wenye kunyamaza kama wao. Mzee wa miaka 60 sitambadilisha. Wewe una miaka 19, unajua kuflipu simu ya mtu na kuhariri video, usiniambie duara limekushinda.

Aliyenishangaza ni mama. Hakujibu kwa grupu, alinipigia. Hakufurahi hata kidogo. Yeye ni mke wa kifungua mimba katika boma lile, na anaona aibu ni yake. "Unataka shemeji zangu waseme nimeshindwa kuwalisha? Na Susu akisikia?" Nikamwambia Susu nimeshamwambia mwenyewe, na alicheka akauliza kama nitavaa na leso. Nikamwambia nimekuwa nikijifunza hapa nyumbani wiki mbili sasa, na zinatoka na umbo la ramani ya Kenya, Turkana iko, Mandera iko.

Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika.

"Na zikitoka ngumu mbele ya watu?"

"Zitaliwa ngumu, mum."

Akavuta pumzi. "Unatumia maji baridi. Tumia ya vuguvugu, na unga upumzike nusu saa."