Rochereau bila Nico ni hasara? Mimi sikubali

Wiki tatu zilizopita, katika semina ya fasihi simulizi, mwalimu wetu mmoja alitaja African Fiesta, kisha akaongeza kwamba Rochereau bila Nico ni bugali bila sombe. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, kwa sababu msemo ulikuwa mtamu na nilikuwa nimesikia wa namna hiyo nyumbani tangu utoto. Lakini njiani kurudi chumbani nilianza kuona kwamba tulicheka upesi. Nimeomba nafasi hii nimjibu mwalimu, kwa heshima yote ninayompa.

Wenzangu ambao hawakukulia katika nyumba ya sahani za santuri wanahitaji historia kidogo. Mwaka 1963 wanamuziki wengi wa African Jazz walimwacha Joseph Kabasele wakaunda African Fiesta. Kati yao alikuwa Tabu Pascal, mtunzi na mwimbaji tuliyemzoea kwa jina la Rochereau, na Nico Kasanda, mpiga gitaa la solo ambaye watu walimpa cheo cha Dokta bila yeye kupita chuo chochote cha udaktari. (Jina Rochereau nalo lilitoka shuleni, katika somo la historia juu ya afisa wa Ufaransa Denfert-Rochereau. Sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kulipenda kwa hilo tu.) Hawakukaa pamoja muda mrefu. Mwisho wa 1965 waliachana. Nico aliondoka na kaka yake Dechaud, aliyekuwa akimshikia gitaa la kusindikiza, wakaunda African Fiesta Sukisa. Jina lenyewe ni la ugomvi: kwa Kilingala kosukisa ni kumaliza. Rochereau alibaki na Roger Izeidi, kundi likaitwa African Fiesta 66, baadaye African Fiesta National, na gitaa la solo likashikwa na kijana Jean-Paul Vangu, aliyejulikana kama Guvano.

Hapo mashabiki wakagawanyika, na babu yangu alikuwa wa Nico mpaka mwisho. Alikuwa msaidizi wa dereva wa lori, akaja kukaa Beni, na sahani zake alizifunga katika kitenge kama vyombo vya kanisa. Ndani ya kitenge hicho hakukuwa na hata moja ya National. Kwake African Fiesta ilikufa 1965, na waliobaki walikuwa wanatumia jina la marehemu.

Sahani ninayotaka kuitetea ni Mokolo Nakokufa ya 1966, siku nitakayokufa. Ilirekodiwa bila Nico. Ukiipima kwa kipimo cha babu, yaani dakika ambazo gitaa linapanda juu ya watu wote na kuongea peke yake, utasema kweli kimepungua kitu. Lakini kwa nini tuipime hivyo? Katika nyimbo nyingi za wakati ule sauti inasema maneno machache, inarudia, kisha inampisha mpiga solo, na huko ndiko watu wanakongojea kucheza. Katika Mokolo Nakokufa haimpishi mtu. Anasimama maskini, anawaza siku yake ya mwisho na taabu alizopata. Anasimama tajiri, anawaza pesa zake, malori yake, watoto aliowapeleka Ulaya. Anafika malaya na nguo zake na nywele zake za bandia, halafu mlevi na kikombe chake. Kila mmoja anaingia katika kifo na mzigo wake. Gitaa linakaa chini yao wote, linawabeba kama mpagazi asiyetaka kuonekana.

Huo ni utungo kamili. Una wahusika, una kejeli, na muundo wake wa kurudia ungetosha kwa semina mbili. Mimi naamini Rochereau asingeurekodi kwa namna hii kama Nico angekuwa amekaa pembeni yake, kwa sababu ukiwa na mtu kama Nico ni lazima umwachie uwanja. Hiyo si dharau kwa Nico, ni heshima. Siwezi kuthibitisha jambo ambalo halikutokea, najua. Lakini sikiliza Sukisa kisha usikilize National, utasikia kwamba kila upande ulikwenda mahali ambapo wakiwa pamoja wasingefika.

Tena msisahau mwaka. Mwaka 1966 upande huu wa mashariki ulikuwa ndio kwanza unatoka katika uasi wa Simba wa 1964. Watu walikuwa wamezika. Na yule tajiri wa malori, ambaye kwa mtu wa Kinshasa labda ni mfano tu, kwa mtu wa Butembo ni jirani. Tunajua duka lake, tunajua anavyosimama mlangoni asubuhi akihesabu magunia. Mara ya kwanza nilipoelewa ubeti ule nilicheka, kwa sababu nilimwona kwa sura.

Nasema nilipoelewa, kwani Kilingala kwetu kina shida yake. Wengi wetu tumekisikia kwa vinywa viwili: kwa askari barabarani, na kwa wanamuziki. Cha kwanza kinakufanya utafute kitambulisho mfukoni. Cha pili nilikiacha kwa muda mrefu kipite kama mlio tu, kwa sababu babu alinifundisha kusikiliza gitaa. Alinifundisha vizuri. Ila maneno nilijifunza mwenyewe, kwa kuchelewa.

Rafiki yangu wa idara ya Kiingereza, ambaye hasikilizi rumba, aliniambia kwao kuna kesi hiyohiyo. Red Hot Chili Peppers wa Marekani walitoa One Hot Minute mwaka 1995, gitaa likiwa la Dave Navarro, kwa sababu John Frusciante alikuwa ameondoka 1992. Frusciante akarudi, ikaja Californication mwaka 1999, na ile albamu ya katikati ikabaki kama mtoto wa kambo ambaye bendi yenyewe haimtaji sana jukwaani. Nimeisikiliza. Ni nzito, ina kiza, na sijui kama naipenda. Lakini naona watu wanailaumu kwa kumkosa mtu fulani, si kwa kile kilichomo.

Narudi kwa babu. Alifariki Beni mwaka 2019, wakati wa Ebola. Hakufa kwa Ebola, lakini siku zile kila maiti ilipimwa, na mazishi yalifanywa na vijana waliovaa nguo za kujikinga. Tulitoka Butembo alfajiri, tukanawa mikono na kupimwa joto njiani kiasi cha kuchoka. Tulipofika hatukuruhusiwa kumwosha wala kumgusa. Kwenye matanga tulikuwa wachache. Majirani waliogopa, na walio mbali waliogopa zaidi, kwani kando ya ugonjwa kulikuwa na mauaji ambayo Beni inayajua tangu 2014. Mzee aliyejaza ua wake kila Jumapili alililiwa na watu waliotosha mabenchi mawili.

Usiku jirani mmoja alitoa simu yake, akaweka Mokolo Nakokufa. Baba mdogo aliruka: «Zima hiyo! Marehemu alikuwa wa Nico!» Tulicheka, mara ya kwanza siku ile. Halafu hakuna aliyezima. Maskini alipita, tajiri alipita, mlevi naye, na hakuna mtu kwenye yale mabenchi aliyeuliza nani anapiga solo. Shangazi, asiyejua Kilingala hata kidogo, aliomba atafsiriwe, na baba mdogo, yuleyule aliyetaka kuzima, akamtafsiria kwa Kinande ubeti kwa ubeti, akikosea hapa na pale.

Ndiyo sababu siwezi kusema ni bugali bila sombe. Namwomba mwalimu wetu, semina ijayo, atupe dakika tano na kipaza sauti. Mimi nitaleta simu, na tafsiri ya Kiswahili niliyoianza usiku ule. Ubeti wa mlevi bado unanishinda.