Sauti bila tarehe: maneno machache chini ya podikasti na uzito wake huku mashariki

Radio ilipokuwa inasikika kwa mawimbi tu, watu hawakuuliza habari ni ya lini. Ilikuwa ya saa ileile. Mtangazaji alisalimu, alitaja jina la radio na tarehe, na kipindi kikiisha kimeisha. Leo kipindi hicho kinakatwa, kinawekwa kwenye intaneti kama podikasti, kinapita kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, ya kanisa, ya kartie, na mtu wa Uvira anaweza kukisikiliza wiki tatu kisha kupigwa Bunia. Mbele ya kubonyeza, msikilizaji anauliza: "Hii ni ya leo ao ni ya zamani?"

Jibu linapaswa kuwa ndani ya maneno machache yanayoandikwa chini ya sauti, yale watu wa kazi wanaita maelezo ya kipindi. Ni mistari mitano, sita, si zaidi. Inaandikwa mwisho wa kazi, haraka-haraka, umeme ukiwa karibu kukatika, na mara nyingi haiandikwi kabisa. Wanaofundisha podikasti Ulaya na Marekani wanaihesabu kama kazi ya biashara: kichwa cha kuvuta macho, maneno yale watu wanatafuta kwenye intaneti, ili kipindi kipate wasikilizaji wengi. Kazi hiyo iko hapa pia, radio yoyote inataka kusikilizwa. Lakini huku mashariki mistari hiyo inabeba mzigo mwingine.

Inatosha kukumbuka Goma mwaka wa 2021. Nyiragongo ililipuka jumamosi usiku, tarehe 22 mwezi wa tano. Tarehe 27, asubuhi mapema, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliomba wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za mji wahame mara moja. Watu walishika njia ya Sake, wengine wakavuka Rwanda, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu. Tangazo lile lilikuwa la kweli, na lilikuwa la siku ile. Mwezi wa sita serikali iliruhusu watu kurudi. Sasa, kama mtu amehifadhi ile sauti kwenye simu, na akaituma leo bila neno hata moja, ile sauti haisemi uongo: sauti ni ya kweli, maneno ni ya kweli, msemaji ni mwenyewe. Tarehe tu njo imepotea. Lakini mama wa Majengo anayeipokea saa tano za usiku atafunga mizigo.

Ndivyo ilivyo pia kwa Ebola. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 na ukaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, kisha kuua watu zaidi ya 2.200 Kivu ya Kaskazini na Ituri. Radio za Beni, Butembo na Mangina zilitengeneza vipindi vingi sana wakati huo: mahali pa kupata chanjo, namna ya kuzika, namba ya kuita. Vipindi hivyo ni mali, vinaweza kusaidia tena. Lakini kile kisicho na tarehe kinaweza kumpeleka mgonjwa kwenye kituo cha matibabu kilichofungwa miaka iliyopita.

Na tangu mwezi wa kwanza na wa pili 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, benki zikafungwa na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, kila sauti inayosema "njia imefunguliwa" ao "benki zinarudi" inapita simu kwa simu sawa moto kwenye nyasi kavu. Mchuuzi anaweza kupanga safari juu ya sekunde 40 za sauti.

WhatsApp inatenganisha sauti na maneno yake

Mara nyingi lawama inaangukia wasikilizaji: wanapitisha bila kuwaza. Si kweli kabisa. Kwenye programu za podikasti, maelezo yanakaa pamoja na sauti, kama karatasi kwenye chupa ya dawa. Huku, watu wengi hawasikilizi kwa njia ile. Wanapokea kwenye WhatsApp, na pale ujumbe wa sauti na maandishi ni vitu viwili mbalimbali. Radio inatuma sauti, kisha inatuma maandishi. Anayepitisha anachagua sauti peke yake. Kwenye grupu ya tatu karatasi imeshapotea, chupa tu inabaki.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawaujui sana. Simu za Android, zikipokea faili ya sauti kwa WhatsApp, zinaihifadhi kwa jina kama AUD, kisha tarehe, kisha namba. Wengi wanaamini kwamba tarehe ile ni ya siku sauti ilirekodiwa. Hapana: ni ya siku ujumbe ulipita. Hotuba ya 2012 ikitumwa leo itavaa tarehe ya leo. Hata lile neno linaloonyesha kwamba ujumbe umetumwa mara nyingi halisaidii juu ya umri. Ni kweli kwamba mwaka wa 2019 WhatsApp iliweka mwisho wa mazungumzo matano kwa kila anayepitisha ujumbe, na mwaka wa 2020 ikafunga zaidi: ujumbe uliokwisha pita mikono mingi unaenda kwa zungumzo moja tu kwa mara moja. Hiyo inapunguza mwendo. Haisemi habari ni ya lini.

Kwa hiyo radio inayoandika maelezo mazuri na kuyaacha chini ya sauti peke yake imefanya nusu ya kazi. Nusu ingine ni kuyasema ndani ya sauti: jina la radio, mahali na tarehe, mwanzoni, na tena katikati, sababu wakataji wanapenda kuanza katikati. Sekunde sita zinatosha. Watangazaji wa zamani walikuwa na desturi hiyo bila kufundishwa podikasti, juu walijua kuna mtu anafungua radio kipindi kimeshaanza.

Kichwa cha kuvuta

Hapa njo kuna ugomvi wa kweli ndani ya vyumba vya habari. Vijana wanaoshughulikia mitandao wanasema: kichwa kisichovuta hakibonyezwi. Wana haki. "Kipindi cha afya namba 47" hakimwambii mtu kitu, hata kama ndani yake kuna muuguzi anayeeleza vizuri kuliko kitabu. Lakini dawa yake si kuandika "SIKILIZA HARAKA MBELE HAIJAFUTWA" na alama nne za mshangao. Hiyo ni lugha ya waenezaji wa uvumi. Radio ikianza kuandika sawa wao, inamfundisha msikilizaji kwamba habari ya kweli na uvumi vinavaa shati moja. Kisha, siku ya hatari, watu watashindwa kutambua sauti ya radio yao kati ya zingine.

Kinachovuta ni jambo lenyewe, likisemwa wazi. Mfano wa kufikiria: "Kolera: namna ya kusafisha maji ya ziwa nyumbani. Muuguzi anajibu maswali ya wasikilizaji. Kiswahili, na kidogo Kifuliiru. Imerekodiwa Uvira, jumatatu 15/1/2024. Dakika 18, mega 9. Klorini: dakika ya 4. Mtoto anayehara: dakika ya 11." Hakuna neno la kupamba pale. Mzazi mwenye mtoto anayehara ataenda dakika ya 11 mara moja, na ataituma kwa dada yake.

Mstari wa kwanza unabeba karibu yote. Apple inakubali maelezo ya herufi hadi 4.000, lakini kwenye kioo kidogo cha simu mtu anaona mstari mmoja ao miwili tu. Radio nyingi zinautumia mstari ule kwa salamu: "Karibu mpendwa msikilizaji katika kipindi chako ukipendacho…" Kwa mdomo, salamu ni adabu, na mtu asiyesalimu anaonekana vibaya. Kwa maandishi inakula nafasi pekee iliyokuwepo.

Kuhusu mega: dakika 30 za sauti, kwa ubora wa kilobiti 64 kwa sekunde, ni karibu mega 14. Kwa 128 ni karibu mega 29, na kwa mazungumzo ya kawaida masikio hayataona tofauti kubwa. Kwa mtu anayenunua mega za siku moja, hiyo ni tofauti kati ya kusikiliza na kuacha. Kwenye WhatsApp hawezi kuonja kidogo: anapakua faili nzima ao anaiacha. Kumwandikia uzito wa faili ni heshima, kama vile muuzaji anavyotaja bei mbele ya kupima.

Lugha nayo itajwe. Radio nyingi zinaandika kichwa kwa Kifaransa hata kama kipindi ni Kiswahili, Kinande ao Mashi, pengine sababu wafadhili wanasoma Kifaransa. Mama anayesikia Mashi tu anapita bila kujua kwamba ni yeye alikuwa anaitwa.

Majina ya mahali yanataka uangalifu zaidi. Majengo iko Goma, na Majengo zingine ziko Nairobi na Mombasa. Mambasa ya Ituri, ukiiandika kwenye intaneti, mashine inaweza kukurudisha Mombasa ya Kenya. Kijiji, teritware, jimbo: maneno matatu, na kosa linaepukwa. Saa vilevile. Goma, Bukavu na Bunia ziko saa moja mbele ya Kinshasa, na "saa mbili" ya Kiswahili si ile ya Kifaransa. Tangazo la saa za kutotembea likiandikwa "kuanzia saa 2" linaweza kumkamatisha mtu kwenye bariera. "Saa mbili za usiku, saa za Goma" haliachi nafasi ya kubishana.

Jina la nani liandikwe?

Wafundishaji wa ng'ambo wanasema kila mgeni atajwe kwa jina na kazi, sababu jina linasaidia kipindi kupatikana. Ushauri huo, ukichukuliwa hivyo tu huku, unaweza kuua. Mtu aliyeongea kwa mawimbi, jirani zake walimsikia na jambo likapita. Jina lake likiandikwa chini ya podikasti, linatafutwa kwa sekunde mbili, na linabaki hapo hata kama mji umebadili bwana. Simu zinakaguliwa njiani. Aliyekubali kuongea wakati utawala ni wa huyu, hakukubali kwa ajili ya utawala wa yule mwingine.

Kwa afisa wa serikali, daktari mkuu, kiongozi wa shirika anayeongea kwa kazi yake, jina linaandikwa, na ni lazima, maana hilo njo linampa msikilizaji sababu ya kuamini. Kwa shahidi, mwathirika wa ubakaji, mkulima aliyesema nani alichukua mavuno yake, "mkaaji wa Masisi" inatosha, na hata jina la kijiji linaweza kuwa nyingi mno. Wasikilizaji wachache watakaopotea juu ya jina lisilotajwa si hasara ya kuhesabu.

Sheria nayo inagusa wasikilizaji wenyewe. Kodi ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, kifungu cha 360, inamuadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao na pia anayeipitisha. Mtu aliyepitisha sauti ya radio yenye jina, mahali na tarehe ana kitu cha kuonyesha. Aliyepitisha sauti uchi hana.

Nani ataandika yote hayo kwenye radio yenye fundi mmoja na betri mbili? Kazi kubwa imekwisha fanyika mbele ya kipindi. Karatasi ya kondiktere, ile mtangazaji anaingia nayo studio, ina tarehe, mada, mgeni, lugha na mpangilio wa sehemu. Mtangazaji akiongeza dakika za kila sehemu akiwa bado kwenye kiti, na akiikabidhi kwa anayetuma, maelezo yamekwisha. Ni kazi ya dakika kumi, na aliyeongoza kipindi anaifanya vizuri kuliko kijana wa mitandao ambaye hakukisikiliza.

Kinachobaki ni matangazo yanayozeeka haraka: chanjo, njia, maji, ugawaji wa chakula kwa waliohama. Kwenye ukurasa wake, radio inaweza kurudi na kuandika juu ya sauti kwamba habari imebadilika tangu tarehe fulani, bila kufuta ya zamani. Lakini nakala zilizokwisha ingia kwenye simu za Lubero na Fizi hazirudi kurekebishwa. Kwa vipindi vya namna hiyo, tarehe ya kurekodiwa haitoshi. Maelezo na sauti vitaje pia siku ya mwisho: "Tangazo hili linahusu ugawaji wa jumatano hadi ijumaa, kisha hapo msilifuate tena."