Kibao cha Spohr

Mtu akimtazama mpiga fidla, awe katika taarabu ya Unguja au katika okestra ya Ulaya, aghalabu ataona kibao kidogo ukingoni mwa chombo, na mpigaji amekilaza kidevu chake juu yake. Kibao hicho kina mtu aliyekibuni, ingawa wengi wakitumiao hawalijui jina lake. Ni Louis Spohr, Mjerumani.

Spohr alizaliwa mwaka 1784 katika mji wa Braunschweig. Mwaka 1799, angali mvulana, alisafiri mpaka Hamburg kutafuta riziki kwa fidla yake. Fedha zikamwishia, wala hakupata watu wa kumsikiliza, akarudi kwao kwa miguu. Lakini hakukata tamaa. Aliandika barua ya kuomba msaada, akampa mtawala wa Braunschweig mkononi mwake alipokuwa akitembea bustanini. Mtawala akamsikiliza akipiga, akamtia katika wapigaji wake.

Tangu mwaka 1822 mpaka 1857 Spohr alikuwa mkuu wa muziki katika mji wa Kassel. Zama zake alihesabiwa miongoni mwa watungaji wakubwa wa Ulaya. Akafa mwaka 1859. Mapenzi ya watu yakageuka, na nyingi katika kazi zake zikawekwa kando.

Wako wasemao, "Chema chajiuza, kama muziki wake ungalikuwa mzuri, usingalisahauliwa." Hoja hiyo ni dhaifu. Bach alikufa mwaka 1750, na kazi yake kubwa juu ya mateso ya Yesu kwa Injili ya Mathayo ilikaa kimya miaka mingi, mpaka Mendelssohn alipoifufua Berlin mwaka 1829. Kitu kutosikika si dalili ya kutofaa. Tena si kila kitu cha Spohr kilichonyamaza: utungo wake wa nane wa fidla na okestra, alioutunga mwaka 1816 kwa ajili ya Waitalia wapendao kuimba, hupigwa hata leo.

Zaidi ya hayo, yatazamwe manufaa ya kibao, alichokibuni yapata mwaka 1820. Chombo kikishikwa imara na kidevu, mkono wa kushoto hupata nafasi ya kwenda juu na kushuka upesi. Tena Spohr husifiwa kwa kutia herufi katika karatasi za muziki, ili wapigaji wengi waweze kuanza tena pamoja mahali pamoja, bila kupoteza wakati. Na mwaka 1832 alitoa kitabu cha kufundishia fidla.

Basi ni kosa kusema kwamba kazi ya mtu huyu imepotea. Iko chini ya videvu vya watu maelfu. Lakini pia si haki kula tunda na kutouliza aliyepanda mti. Mwalimu afundishaye fidla na alitaje jina la Spohr siku ya kwanza, mwanafunzi anapokiweka kidevu juu ya kibao. Ni deni dogo, na kulilipa hakugharimu kitu.