Majengo: insha ya kukariri haitamvusha kijana

Kijana wa kata Majengo, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, akisikia kwamba bourse anayoitafuta inaomba IELTS ama TOEFL, jambo la kwanza analofanya mara nyingi ni kutafuta insha zilizokwisha kuandikwa na watu wengine. Anazipata kwa WhatsApp, anazitoa fotokopi, anazikariri usiku kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Siku ya mtihani swali linakuja kwa sura nyingine, na ile insha aliyoibeba kichwani inageuka mzigo.

Wasahihishaji wa mitihani hii wamefundishwa kutambua maneno ya kukariri, na wanayakata alama. Kwa hiyo anayekariri anapoteza mara mbili: anapoteza usiku wake, kisha anapoteza makuta yake.

Na makuta hayo si kidogo. Kufanya IELTS kunapita dola 200, bila kuhesabu safari ya Kigali ama Kampala, mahali ambapo wengi wa Goma huenda kuufanya. Mtihani wa Duolingo unafanyika nyumbani na bei yake iko chini ya dola 100, lakini unaomba intaneti isiyokatika, chumba kisicho na kelele, na kadi ya kulipia. Baada ya mji kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na hata kulipa tu kukawa safari. Katika hali hiyo, familia inayochanga dola 200 haina nguvu ya kuchanga mara ya pili. Ndiyo sababu matayarisho si jambo la kuchezea.

Mtihani wenyewe hauna siri. Sehemu ya kuandika ya IELTS inachukua dakika 60 na ina kazi mbili. Ya kwanza inaomba maneno 150 ama zaidi: kueleza mchoro wa takwimu kwa wanaokwenda chuo kikuu, ama kuandika barua kwa wengine. Ya pili ni insha ya maneno 250 ama zaidi, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Msahihishaji anatazama mambo manne: kama swali limejibiwa, kama mawazo yanafuatana, kama msamiati unatosha, na kama sarufi imesimama. Hakuna alama ya maneno makubwa yaliyotolewa kwenye kamusi bila kueleweka.

Basi kwa nini mwanafunzi aliyesoma Kiingereza miaka mingi kwenye sekondari anashindwa kuandika kurasa mbili? Jibu liko shuleni. Katika Exetat, Kiingereza kinakuja kwa maswali ya kuchagua jibu. Mwanafunzi anasoma kifungu, anachagua herufi, anaendelea. Mwalimu naye, mwenye darasa lililojaa na mshahara usiotosha, anafundisha kile kitakachoulizwa. Hivyo kijana anapata diploma ya serikali akijua kanuni za sarufi, lakini mkono wake haujawahi kujenga aya moja ya Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho.

Insha anayoijua ni ile ya Kifaransa. Dissertation inamfundisha kuleta wazo, kulipinga, kisha kupatanisha pande mbili, na msimamo wake unaonekana mwishoni. Insha ya Kiingereza inataka kinyume: sema msimamo wako tangu aya ya kwanza, kisha utetee. Mwanafunzi mzuri wa Kifaransa anaweza kuandika kurasa safi na bado akaonekana mtu asiyejua anataka kusema nini. Hilo halina uhusiano na akili. Ni desturi mbili tofauti, na lazima mtu amwambie.

Kuna pia mitego ya lugha yenyewe. Mwenye Kifaransa anaandika «I have 20 years» akitaka kusema umri wake, na anatumia «actually» akifikiri maana yake ni «actuellement». Mwenye Kiswahili anachanganya «he» na «she», kwa sababu neno letu «yeye» halibagui mwanaume na mwanamke. Makosa haya yanajulikana, yanahesabika, na yanasahihishwa kwa mazoezi ya majuma machache, ikiwa yupo mtu wa kuyaonyesha kwa kalamu nyekundu.

Mtu huyo ndiye anayekosekana. Goma haina upungufu wa vikundi vya Kiingereza. Vijana wanakutana, wanajadiliana, wanatoa hotuba, na ni kazi ya kusifiwa. Lakini kusema si kuandika. Kikundi kinachokutana kila juma kingeweza kuacha mdomo upumzike siku moja kwa mwezi: kila mmoja na daftari lake, dakika 40 kwa saa, telefone zimezimwa, kisha kubadilishana kazi na kusahihishana. Hilo halihitaji mfadhili.

Hata mchoro wa takwimu hauhitaji kitabu cha kutoka Ulaya. Kijana wa Majengo anaweza kuandika bei ya makala, unga na maharagi sokoni Virunga kila juma, kwa mwezi mmoja. Achore mstari unaopanda na kushuka, kisha aueleze kwa maneno 150. Akiombwa kutoa maoni juu ya mazingira ama maisha ya mjini, anao mfano ambao mwanafunzi wa London hana: Nyiragongo ya 2002 na ya Mei 2021. Mtihani wenyewe unamruhusu mtahiniwa kutoa mifano ya maisha yake. Aliyejifunza kuueleza mtaa wake kwa Kiingereza rahisi hahitaji kukopa maisha ya mtu mwingine.

Kuna wanaotegemea programu za akili bandia. Zikitumiwa kuonyesha kosa baada ya kijana kuandika mwenyewe, zinasaidia. Zikiandika mahali pake, ni ile fotokopi tu iliyovaa nguo mpya, na katika chumba cha mtihani hakuna telefone.

Wengine watauliza kwa nini kijana wa Kivu ahangaike na lugha ya tatu ama ya nne. Swali ni la haki. Lakini Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kazi nyingi za ofisi za Jumuiya zinaandikwa kwa Kiingereza. Mashirika mengi yanayotoa kazi mjini Goma nayo yanaomba ripoti kwa lugha hiyo. Asiyeandika atabaki kutafsiriwa na wengine, hata habari za mji wake mwenyewe.

Wakuu wa shule hawana haja ya kungoja amri ya Kinshasa ili kuomba aya moja ya Kiingereza kila juma, kuanzia mwaka wa tatu wa sekondari. Wazazi nao, kabla ya kutoa dola 200, waombe kuona daftari. Kama lina insha 20 zilizoandikwa na kusahihishwa, safari ya Kigali ina maana. Kama kuna fotokopi tu, makuta yabaki nyumbani kwanza.