Ukimkimbilia Khan utakosa uhondo!

Kuna wachezaji wa gemu ambao wanacheza kama wanadaiwa kodi ya nyumba. Akishika pedi tu, mbio! Hadithi ikisema nenda kule, huyo anakwenda. Ikisema piga yule, anapiga. Baada ya siku mbili anatamba kijiweni kwamba gemu kalimaliza. Muulize kaona nini humo ndani, atakutajia bosi wa mwisho, basi. Wiki hii nina maneno na ndugu zangu hao, na mfano wangu ni Ghost of Tsushima.

Kwa ambaye bado hajaligusa, gemu hili lilitengenezwa na kampuni ya Sucker Punch ya Marekani. Lilitoka Julai 2020 kwa ajili ya PlayStation 4, na Mei 2024 likafika kwenye kompyuta. Mambo yanatokea Tsushima, kisiwa cha Japani kilicho jirani na Korea, mwaka 1274. Uvamizi wa Wamongolia mwaka huo ulitokea kweli, ila shujaa wetu Jin Sakai na adui yake Khotun Khan ni watu wa kutungwa. Mwanzoni tu samurai 80 wanateketea katika ufukwe wa Komoda, Jin anaponea chupuchupu, na mjomba wake, Bwana Shimura, anachukuliwa mateka. Kazi yako ni kumkomboa mjomba na kumtimua Khan.

Najua utaniuliza, "Sasa mjomba yuko kifungoni, mimi muda wa kufukuzana na mbweha nautoa wapi?" Swali zuri. Jibu ni kwamba mjomba hatakufa kwa sababu umechepuka. Hadithi kubwa inakusubiri mpaka uifuate mwenyewe. Kwa hiyo hofu hiyo iondoe, tuingie porini.

UTAZIPATAJE?

Uzuri wa Tsushima ni kwamba hawakukujazia mishale na vibao kwenye kioo. Unapitisha kidole kwenye sehemu ya kugusa ya pedi, upepo unavuma kuelekea unakokwenda. Nyasi zinalala, majani yanapeperuka, wewe unafuata. Ndege wa rangi ya dhahabu akikupitia mbele ya farasi, acha safari yako na umfuate. Ana mahali anakokupeleka. Mbweha naye akikuangalia na kuanza kukimbia, mfuate, atakufikisha kwenye kihekalu cha Inari. Ukiona moshi kwa mbali, hapo pana jambo.

Halafu kuna kitu ambacho wenye haraka hawakifanyi kabisa: kuongea na watu. Ukimwokoa mkulima mikononi mwa Wamongolia usimwache hapo ukaondoka kama bodaboda aliyeshusha abiria. Msikilize. Mara nyingi atakupa tetesi, na tetesi hiyo itaingia kwenye ramani yako. Vijijini na kwenye kambi za wakimbizi fanya hivyohivyo.

Na farasi usimpumzishe sana. Gemu linakuruhusu kuruka moja kwa moja hadi mahali ulipowahi kufika, lakini ukizoea kuruka kila safari, huyo ndege wa dhahabu utamwona lini?

KIPI UFANYE, KIPI UACHE

Sasa tuambiane ukweli, maana si kila kilichoko pembeni ni kitamu. Chemchemi za maji moto zinakuongezea uhai. Mianzi ya kufyeka inakuongezea nguvu za kujitibu vitani. Vihekalu vya Inari vinakupa nafasi ya kuvaa hirizi zaidi. Vyote ni vizuri, ila mashimo ya mbweha yapo 49! Mbweha wa kwanza utamfurahia, hasa akikubali kupapaswa. Wa 30 utaona kama umeajiriwa. Dawa yake ni ndogo: mfuate anayekatiza njia yako, usimtafute kwa daftari.

Penye uhondo wenyewe ni kwenye hadithi za watu. Yupo Bi Masako Adachi, mama mtu mzima aliyeuliwa familia yake yote na sasa anawasaka wahusika mmoja mmoja. Yupo Sensei Ishikawa, mwalimu wa upinde anayemtafuta mwanafunzi wake aliyemgeuka. Kila mmoja ana visa 9, na huwezi kumaliza vya Masako ukabaki na maoni yaleyale uliyoanza nayo kuhusu kisasi.

Lakini kama una nafasi ya kisa kimoja tu, nenda kijiji cha Omi, sehemu za Toyotama, ukamwone Bibi Yuriko. Huyu ndiye aliyemlea Jin. Hadithi kubwa inakukutanisha naye, anakufundisha kutengeneza sumu, halafu inakuruhusu uende zako. Hapo ndipo wenye mbio wanapokosea. Mrudie. Bibi ana safari ya mwisho anayotaka kwenda na wewe, kutembea tu sehemu za zamani. Njiani akili yake inaanza kupotea, anamwita Jin kwa jina la baba yake, na Jin ambaye amechinja jeshi zima hajui amjibu nini. Mwisho siusemi. Ila ukiwa na bibi yako kijijini ambaye hujampigia siku nyingi, simu utaitafuta.

Na kisa hicho si lazima. Unaweza kumpiga Khan, ukaona majina ya waliotengeneza gemu yakipita, na Bibi Yuriko ukawa umemwacha uani kwake. Ndiyo maana mimi husema visa vya pembeni si vya kupoteza muda. Hadithi kubwa inakuambia unapigana na nani. Hivi vidogo ndivyo vinavyokuambia unampigania nani. Bila Yuriko, bila yule mkulima mwenye tetesi, Tsushima ni uwanja wa kukatana mapanga tu.

Unadhani natia chumvi? Septemba 2020 kimbunga kiliangusha lango la hekalu la Watatsumi, kwenye Tsushima yenyewe, ile ya kweli. Ukaanzishwa mchango, lengo likiwa yen milioni 5. Zilipatikana zaidi ya milioni 27, na miongoni mwa waliochanga walikuwamo wacheza gemu ambao kisiwa hicho walikijua kwa kioo tu. Mwaka 2021 viongozi wawili wa waliotengeneza gemu wakapewa ubalozi wa utalii wa kisiwa hicho. Hayo hayaletwi na mtu aliyepita mbio.

Kwa hiyo mshikaji, kama unacheza kwenye banda na saa inahesabiwa, sikulaumu ukichagua. Chagua kisa kimoja cha mtu kila unapokaa, mbweha waache. Na kama pedi ni yako na wikiendi ni yako, haraka ya nini? Khan yupo palepale. Tukutane wiki ijayo.